Maji ya Tambi kwa Onodera

Alhamisi, 6 Novemba
Bi Kuwahara hakuja tena. Alhamisi ya tatu hii! Miaka yote amekaa meza ya dirishani dukani kwangu, akaagiza soba baridi, tambi zetu za ngano nyeusi, nami nikamjibu "Ndiyo, sasa hivi," nikakimbilia nyuma ya pazia la jikoni. Huko nyuma ya pazia ndiko ninakompendea. Leo nimeipangusa meza yake mpaka dada yangu Fumie akauliza kama nataka kuitoboa. Kisha akanipa habari: kamwona ng'ambo ya barabara, kwenye mgahawa wa Onodera, anakula rameni, zile tambi za mchuzi mzito wa nyama. Rameni! Marehemu baba alikuwa akiziba pua akipita duka la rameni. Mimi sijawahi kuionja.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimepata mpango. Nitaingia kwa Onodera kama mpelelezi, niibe siri yake, Bi Kuwahara arudi. Fumie anasema kuna njia fupi: nimwambie yule mama kwamba nimemkumbuka. "Kaka, mficha uchi hazai!" Nimemwambia akaoshe bakuli. Lakini nimemkumbuka kweli, hadi kikohozi chake.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimekwenda! Kofia, barakoa, duka nimemwachia Fumie. Mlangoni kuna mashine ya kununulia tiketi za chakula, vitufe vimejaa kama upele. Nyuma yangu foleni inaguna. Nikabonyeza chochote. Onodera, jitu lenye taulo kichwani, akaisoma tiketi yangu kwa sauti: "Mzee, yai tupu?" Kaunta nzima ikageuka. Bi Kuwahara naye! Akainuka, akanibonyezea rameni yenyewe. Na kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kando yake. Nikaketi.

Rameni ni tamu. Baba anisamehe.

Tambi zilipokwisha nikajisahau. Nikaomba maji yaliyochemshiwa tambi, niyamimine kwenye mchuzi uliobaki ninywe, kama mlaji yeyote wa soba mwenye adabu. Onodera akachungulia sufuria lake. "Haya? Mzee, haya tunamwaga!" Wakacheka mpaka wengine wakapaliwa. Mmoja akapiga kelele kwamba huyu si ni Momose wa soba, kaja kupeleleza!

Bi Kuwahara hakucheka. Alisema taratibu kwamba maji yale ndiyo anayoyakosa hapa. Ila Onodera humuuliza hali ya goti lake. Kwangu, alisema, alichoka kuzungumza na pazia. Akaniangalia, akangoja. Maneno yote ya miaka yote yalinijia kooni. Lakini bakuli langu tupu, watu wamesimama mgongoni, na kwenye rameni ukimaliza unaondoka. Nikamwambia, "Ndiyo, sasa hivi," nikatoka mbio.

Jumamosi, 15 Novemba
Fumie karibu alie. Anasema mama wa watu kanifungulia mlango wazi. Nivuke barabara tu, nikamuulize goti. Goti! Mpelelezi hababaishwi na goti. Siri ya Onodera nimeigundua mwenyewe: ni ile mashine. Nimeshaagiza ya kwangu, itafika kabla ya Alhamisi. Meza ya dirishani inang'aa. Bi Kuwahara akirudi atabonyeza tu, tiketi itapitishwa chini ya pazia. Hatahitaji kunisemesha hata neno moja.