Mlango wa Mninga Uliochukuliwa na Historia

Romani Haule,
Tandale, Dar es Salaam.
21 Aprili 1975.

Kwa Ndugu Albano, Mkutubi,
Maktaba ya Kisomo cha Watu Wazima, Tandale.

Ndugu Mkutubi,

YAH: KUPOTELEWA NA MLANGO KWA SABABU YA VITABU

Jumamosi tarehe 12 mwezi huu, saa nne asubuhi, nilipoteza mlango wa mbele wa nyumba yangu. Haukuibwa. Ungeibwa ningekwenda polisi kama watu wengine, nisingekusumbua. Ulichukuliwa kwa heshima zote, mchana kweupe, na jirani yangu Mwinshehe, aliyekuja na bisibisi mkononi na kitabu chenu kwapani.

Kwa kuwa hunijui, mie ni muuza maharage hapo sokoni. Nilitoka Songea na kaptula moja, nikakata mkonge Kilosa miaka minne, nikaja Tandale kubeba magunia; leo wanabeba wengine, nami napima. Nyumba yangu ina vyumba sita na mabati thelathini na nane. Serikali ilipotaifisha majumba makubwa mwaka 1971 nilikaa kibarazani siku nzima nikingoja, hakuja mtu. Thamani haikufika. Iliniuma kidogo, nikavumilia. Sikujua kuwa zamu yangu italetwa na maktaba.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi wa pili mlileta sanduku la vitabu, nami nikasaidia kulishusha. Nilivihesabu: thelathini na kimoja. Historia tisa, maisha ya watu mashuhuri kumi na viwili, mila na desturi za mikoa kumi. Cha kufuga kuku, hakuna. Cha kuzuia fukusi wasile maharage, hakuna. Nilidhani kuku watafuata.

2. Mie ni Mngoni. Kabla ya sanduku nilikuwa na watani wa kawaida, wale ambao kila Mngoni anao, na walinitosha. Mtani akipita kwako akaondoka na jogoo, unacheka, maana ukimkasirikia mtani wewe ndiye mwenye kosa. Kesho nawe unapita kwake unaondoka na sufuria. Hesabu inakaa sawa. Sasa mpangaji wangu Ansbert, karani wa bohari, Mhaya mwenye miwani, akaanza kuwasomea watu vitabu vyenu kibarazani pangu. Akafika mahali panaposema kwamba makabila yaliyopigana zamani kisha yakapatana, hayo ndiyo watani. Akashusha miwani, akaniuliza mbele ya kadamnasi, "Mzee Haule, hebu tusaidie. Ni nani ambaye babu zenu hawakupigana naye?"

Ndugu Mkutubi, nilitaja Wazungu, watu wakaangua kicheko, maana vita vya Majimaji vimo kwenye vitabu vinne kati ya tisa. Nikatafuta tena. Nikataja Wachina wa reli. Hapo ndipo walipokubali.

3. Tangu siku ile nina watani mtaa mzima, na Mchina hata mmoja hakai Tandale. Wamechukua jogoo, kinu, taa ya chemli na kigoda cha marehemu mama. Mmoja, kijana wa Tabora, alikuja kuniuliza kama babu zangu walifika kijijini kwao. Nikamwambia sijui. Akasema basi achukue ndoo kwanza, utafiti utaendelea. Mie mwenyewe sijapigana na mtu tangu nizaliwe. Ugomvi wangu mkubwa maishani ulikuwa na mizani.

4. Vile kumi na viwili vya watu mashuhuri havikuniacha salama pia. Mke wangu Filomena amefika hatua ya nne ya kisomo na anavisoma kimoja baada ya kingine. Ameona kwamba kila mtu mashuhuri alilala kwenye mkeka na kula mara moja kwa siku. Godoro ameliondoa. Nikamwambia, mama Yuliana, mie sitafuti umashuhuri, natafuta ugali. Akanijibu kuwa ndiyo maana hakuna anayeniandika.

5. Turudi kwenye mlango. Ni wa mninga, mbao tatu zilizounganishwa bila msumari hata mmoja, bawaba za shaba. Niliuning'iniza kabla ya kuezeka. Kwa majuma mawili nyumba ilikuwa na mlango na haina paa, na nilikuwa naufunga kwa kufuli kila nikienda sokoni. Mwinshehe, ambaye ni Mluguru na muuza kahawa, alinisalimia kama ipasavyo. "Shikamoo, mtani. Humu imeandikwa kuwa babu zako walipopita kwetu hawakubisha hodi. Basi na sie tunachukua pa kubishia." Nikacheka, kama mila inavyotaka. Nilicheka bawaba ya kwanza, nikacheka ya pili, ya tatu ikabidi Filomena anisaidie kucheka.

Na unajua mlango uko wapi? Uko kwenye darasa lako la kisomo, umelazwa juu ya matofali, umekuwa meza. Juu yake vimepangwa vitabu vyenu thelathini na kimoja. Vimelala juu ya mlango wangu kama mwizi aliyejifunika shuka la mwenye nyumba.

6. Hili sasa si langu peke yangu, ni la Chama. Balozi wetu wa nyumba kumi, Bi Mauwa, alipita kuhesabu nyumba. Alisimama mbele ya kwangu muda mrefu. Akasema, "Baba Yuliana, kwa kweli hiki ni kibanda cha kupumzikia. Nyumba ina mlango." Kwa hiyo nyumba kumi zimebaki tisa, na Bi Mauwa ni balozi wa nyumba kumi mwenye nyumba tisa, jambo ambalo halipo katika mpango wowote. Shina likipungua, tawi litashika wapi? Tawi likilegea, wilaya? Sipendi kumalizia hesabu hii kwa maandishi. Lakini ikifika huko juu wakauliza chanzo, sitasema ni ubeberu. Nitasema ni maktaba.

7. La mwisho ndilo linaloninyima usingizi, juu ya huo mkeka. Jumamosi hii, tarehe 26, washenga wa kijana anayeitwa Gaudens wanakuja kumposa binti yangu. Ni watu wa mila hasa. Kwa mila yao na yetu, washenga husimama nje ya mlango uliofungwa, wakabisha, wakaulizwa ni nani, wakatoa kifungua mlango, ndipo wakaingia. Watabisha nini? Pazia? Pazia halibishiki, nimejaribu. Wataingia moja kwa moja kama mbuzi wa jirani, ambaye ameshaingia mara mbili. Yuliana analia. Ananiambia, "Baba, mie naozeshwa kutoka kituo cha basi?" Amemngoja kijana huyo tangu alipokwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mtoto wangu ni mmoja tu, ndugu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, mlango wangu uondolewe chini ya vitabu. Pili, vitabu vyenyewe virudishwe vilikotoka, vyote, na badala yake viletwe vya kuku. Tatu, kama kuvirudisha ni kazi, basi kurasa zote zinazotaja Wangoni zigandishwe. Gundi ya unga wa muhogo nitatoa mwenyewe, bure. Nne, unipe barua yenye muhuri kwamba Romani Haule hajavamia popote.

Nisalimie wafanyakazi wenzako, walimu wa kisomo na wanafunzi wao, hata wale wanaoegemeza viwiko kwenye mninga wangu. Ansbert naye anakusalimu. Nimemkatalia nafasi ya kuandika zaidi.

Wako katika ujenzi wa taifa, kutoka penye upepo,
Romani Haule

Baada ya sahihi: Nilipokuja kuleta barua hii leo mchana ulikuwa umekwenda kula. Wakati nakungoja nikafungua kitabu kimoja cha historia, kuua muda tu. Kumbe babu zetu walipita Ufipa, wakakaa! Nikamuuliza mhudumu wako wewe unatoka wapi, akasema Sumbawanga, huko huko Ufipa. Mtani wangu, mbona hukusema? Mlango wa maktaba nimeung'oa. Hapa kwangu umeenea vizuri, ila unazidi inchi mbili juu. Vitabu visiende popote, na hicho cha historia nimekiazima. Nataka kujua Bi Mauwa ni mtu wa wapi. Nijibu kwa neno moja, kabla ya Ijumaa saa sita mchana, maana msumeno nao ni wa kuazima: nikate hizo inchi mbili, au nisikate?