Mwakilishi wa Kaya Tatu

Jumapili ile Venance aliingia kanisani kukwepa jua, na kukwepa watu wawili waliokuwa wakimtafuta, kila mmoja na karatasi ya kununulia kiwanja kilekile. Parokia yenyewe iko nyuma ya soko la Mabibo, na Misa ya pili ilikuwa imejaa mpaka nje. Akapata nafasi benchi la mwisho, jirani na mlango wa pembeni. Alizaliwa Masasi na utotoni alitumikia altareni, kwa hiyo alisimama pa kusimama na kupiga magoti pa kupiga magoti bila kumwangalia mtu. Magoti yalikuwa yanakumbuka, hata kama mwenyewe alishasahau.

Bahati yake ilikuja kwenye matangazo. Padri Adelard, mtu mfupi mwenye sauti ya kutosha watu wawili, alisema amechoka na Wakristo wanaomfahamu siku ya harusi na siku ya msiba tu. Tangu sasa kila kaya itakuwa na kadi, na kadi itagongwa muhuri kila wiki kwenye jumuiya, sala ya majirani wa mtaa. Kaya isiyokuwa na mihuri minane mfululizo haipati barua, na bila barua hakuna ndoa wala ubatizo. Mtu mmoja akauliza kama ni lazima aende baba au mama mwenyewe. Padri akasema mwakilishi anatosha, mradi awe ndugu.

Waumini wengi waliinamisha vichwa. Venance aliinua chake. Benchi la mbele aliona mzee mnene akijifuta jasho shingoni na kuzitazama funguo za gari lake kama mtu anayeziaga. Huyo alikuwa Gaspar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na Ubungo. Jumamosi ndiyo siku yake kubwa ya mauzo, na binti yake, Hope, alikuwa anaolewa baada ya miezi mitano. Venance hakuyajua hayo bado, ila shingo ilikuwa imeshamweleza ya kutosha. Kuhusu neno ndugu hakuona tatizo. Katika jiji ambalo muuza mitumba anakuita mjomba kabla hujagusa shati, undugu si jambo la kumkwamisha mtu.

Aliuliza watu wawili jumuiya ya mzee yule inasali lini, kisha akamkuta Gaspar kwenye maegesho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nakufahamu?"

"Bado, mzee. Ila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi utafurahi kunifahamu."

Walielewana kabla gari halijawaka. Venance angekuwa mpwa wa Gaspar kutoka Masasi, aje kusali kwa niaba ya kaya, na kwa kila muhuri angepewa mifuko miwili ya saruji. Hakutaka hela, kwa sababu hela humtoka mfukoni akiwa bado anaishangilia. Alikuwa na kiwanja kidogo Pugu, kiwanja pekee maishani mwake ambacho hakuwahi kumuuzia mtu, na alitaka kuinua vyumba viwili. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, na alishachoka kuambiwa na wenye nyumba saa ya kuoga.

Kazi nzuri haiachwi na mteja mmoja. Ndani ya wiki mbili alikuwa na wengine wawili, na kila mmoja aliamini yuko peke yake. Mama Gladness, muuza mchele wa jumla pale sokoni, alihitaji barua ya ubatizo wa mjukuu. Kwake Venance akawa shemeji, jina Albano, malipo mchele. Fredrick, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma, alitaka kufunga ndoa na mama watoto wake baada ya miaka kumi na moja ya kulifikiria jambo hilo. Kwake akawa binamu, jina Brightson, malipo madirisha ya chuma ya nyumba ya Pugu. Jumuiya zao zilikuwa tofauti. Ya Gaspar, Mtakatifu Monika, ilikutana Jumamosi asubuhi; ya Mama Gladness, Sesilia, Alhamisi jioni; ya Fredrick, Karoli Lwanga, Jumapili baada ya Misa. Venance aliitazama ratiba ile akahisi kwamba mbinguni kuna mtu anamtakia mema.

Alidhani atakuwa anakaa, anagongewa muhuri, anaondoka. Hakujua kwamba katika jumuiya mtu mwenye sauti haachwi akae. Wiki ya pili alisomeshwa Injili. Wiki ya tatu aliongoza rozari. Wiki ya nne alikuwa anafagia kanisa Ijumaa, anabeba viti vya msibani, na kumtembelea bibi mmoja mgonjwa, Marietha, aliyesema sauti yake inamletea usingizi na hakumruhusu aondoke mpaka asinzie kweli. Na hayo ni ya jumuiya moja. Zidisha kwa tatu. Tapeli wetu alianza kukonda. Siku moja alijikuta anamkemea kijana wa kwaya kwa kuchelewa, akashtuka, akatazama nyuma kama kuna mtu mwingine aliyesema.

Mwenyekiti wa Mtakatifu Monika alikuwa Mama Genoveva, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, mtu wa Bukoba aliyekaa Mabibo tangu barabara zake zikiwa mchanga. Jumuiya ilikutana uani kwake. Alimpenda Venance waziwazi, akimwita baba, akimwekea chai ya maziwa. Aliposikia kwamba mjomba Gaspar anamsaidia saruji ya kujengea, na kwamba chumba cha kupanga hakina pa kuiweka, alimwonea huruma. Akamwambia ailete kwake, ana stoo kavu isiyovuja. Venance akaona mama wa watu ana moyo. Mifuko ikaanza kuingia, miwili kila wiki, na ule mwezi Gaspar alipofurahi ikaingia minne minne.

Mwezi wa tatu ukaja uchaguzi wa halmashauri ya walei. Kila jumuiya ilipeleka mjumbe mmoja. Monika wakamchagua Venance. Sesilia wakamchagua Albano. Karoli Lwanga wakampitisha Brightson bila kupinga. Kukataa kungezua maswali, kwa hiyo alikubali mara tatu, kila mara kwa unyenyekevu mpya. Kwa njia ya mbali alimuuliza Mama Genoveva kama wajumbe watasimamishwa mbele za watu. Mama akamtuliza: majina yatabandikwa tu ubaoni. Lakini kwanza kulikuwa na mafungo ya wajumbe, siku za sala za kulala hukohuko, Jumatano mpaka Jumamosi. Venance alienda kwa jina lake, akawaombea udhuru wenzake wawili, akakaa siku nne akilala kwenye kitanda kizuri na kula nyama.

Jumapili alikaa kwa raha benchi la tatu. Baada ya matangazo Padri Adelard akasema wajumbe wapya waje mbele wabarikiwe. Venance alikumbuka aliambiwa ni ubaoni tu. Aliitwa jina lake, akaenda. Wakaitwa wengine. Kisha akaitwa Albano, shemeji wa Mama Gladness, na hakutokea mtu. Akaitwa Brightson, binamu wa Fredrick, na hakutokea mtu. Lakini watu wa Sesilia walikuwa wanamnyooshea kidole Venance, wanasema si huyo hapo, na watu wa Karoli Lwanga wanasema huyo ni wetu. Minong'ono ikazunguka kanisa kama feni.

Padri alimtazama. "Ndugu, wewe ni nani kati ya hawa watatu?"

Venance alishawahi kubanwa na polisi, na dalali mwenzake, na mume wa mtu. Hakuwahi kubanwa mbele ya tabernakulo. Ulimi, hata hivyo, ulikuwa na mazoea yake.

"Padri, mimi ni mwakilishi," alisema. "Wenzangu wana udhuru."

Kule kwenye mabenchi, watu watatu walikuwa wanavimba. Gaspar aligundua kwamba mpwa wake ana ajira nyingine. Mama Gladness alimtambua shemeji yake. Fredrick alinyanyuka nusu, mdomo wazi, kisha akakaa, maana hakuna kati yao aliyeweza kulalamika bila kueleza alikuwa wapi mwenyewe miezi mitatu yote. Hapo Mama Genoveva akasimama. Akasema kwa heshima zote kwamba kama ndugu huyu yuko tayari kubeba nafasi tatu, parokia ingempokea kwa shukrani, miaka mitatu kamili. Akaanza kupiga makofi. Kanisa zima likapiga. Gaspar naye akapiga, polepole, huku ameuma meno.

Venance hakusubiri baraka zipoe. Alitoka kwa mlango wa pembeni na kwenda moja kwa moja kwa Mama Genoveva, achukue saruji yake, akodi kigari cha kirikuu cha kuibebea, apotelee Pugu. Alipofika kona alidhani amekosea nyumba. Ua wa makuti haukuwepo. Palikuwa na ukuta mpya, uliojengwa siku zile nne alizokuwa mafungoni, mrefu kumzidi, unyevu bado umeukaa. Matofali aliyakumbuka, yalikuwa yamepangwa nyuma ya nyumba tangu siku ya kwanza, yakisubiri.

Alikuwa bado ameuegemea ukuta kwa mkono mmoja mama alipofika, na kitabu chake cha nyimbo kwapani.

"Ulijua lini?" Venance akauliza.

"Mwezi wa kwanza. Wenyeviti tunakutana, baba. Kila mmoja alikuwa anamsifia kijana wake mwenye pengo na viatu vya kahawia. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Mtoto akijibu mahudhurio ya wenzake wawili, namjua kwa sauti."

"Na saruji yangu?"

"Vibaka wameniibia kuku, wameniibia sufuria likiwa jikoni. Miaka miwili naomba ukuta. Nilipoona saruji inaingia stoo kwangu kila wiki, ningemuuliza Mungu swali gani?" Akasogeza bati lililoziba pa kuingilia. "Ingia, chai ipo. Ukitaka kwenda kushtaki, kituo unakijua. Utaeleza uliipataje."

 Venance alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kama heshima, ile anayoipata fundi akiona kazi ya fundi mwenzake. Aliingia akanywa chai.

Kesho yake jioni Gaspar alikuja anahema kwa Mama Genoveva, Venance akiwepo. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tisa, ukumbi umeshalipiwa. Mama Genoveva alimweleza taratibu kwamba mihuri ya zamani ni ya aliyehudhuria, kwa hiyo mwenye haki ya kuoa katika kaya yake ni Venance. Hope angehitaji minane mipya, na barua itasainiwa na mjumbe. Gaspar akamgeukia mjumbe, akamkonyeza, akaanza kutaja mifuko. Venance aliihesabu kichwani. Mama alikuwa anamtazama juu ya miwani.

"Jumamosi saa kumi na mbili na nusu, mjomba," Venance alisema, na neno lilimuuma kulitamka. "Uje na rozari yako."

Gaspar alikuja Jumamosi zote nane. Mbili za kwanza alisinzia, ya tano akasoma somo, ya nane akaleta mandazi. Hope aliolewa, Padri akahubiri dakika hamsini, na aliyesimamia viti alikuwa Venance. Mama Gladness na Fredrick nao walikuwa wameanza kuhudhuria jumuiya zao, wamenuna hivyo hivyo.

Jioni ya harusi Venance na Mama Genoveva walirudi pamoja kwa miguu. Alimwambia anafikiria kuanza Pugu upya, kidogo kidogo, kwa jasho lake safari hii, na mama akamsifu kwa dhati. Walipofika nyumbani mama alisimama mbele ya ukuta, akautazama pale katikati palipoachwa wazi, pamezibwa kwa bati la zamani.

"Baba," alisema, "yale madirisha yako, Fredrick ameshayachomelea?"

"Bado, mama. Vyuma ndiyo amekata juzi."

"Basi mwambie asihangaike na madirisha. Afanye geti."