Barua Niliyojiandikia

Jumanne, 3 Februari

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa maabara ya fiziolojia. Wiki nane za kiangazi huko Vienna, kwenye taasisi inayochunguza seli za moyo. Malazi bure. Nafasi moja tu kwa kitivo chetu chote hapa mjini Niš. Wastani wangu ni saba nukta mbili kwa kumi. Wa Ognjen, ninayekaa naye chumba kimoja bwenini, ni tisa nukta sita. Mtu mzuri sana Ognjen. Hilo ndilo tatizo lake.

Mama alipiga simu nikiwa bado nimesimama mbele ya tangazo. Nilitaka kumwambia kwamba nitaomba nafasi. Nikasikia sauti yake ilivyochoka, ametoka zamu hospitalini, na mdomo wangu ukasema nimepata nafasi. Akalia kidogo. Kufika jioni alikuwa ameshamwambia Shangazi Ljubinka. Ukimwambia Shangazi jambo, umeliambia jengo lote la ghorofa tano kwetu Pirot.

Naona haya. Lakini nikiipata kweli, sitakuwa nimedanganya. Nitakuwa nimewahi tu kusema.

Alhamisi, 5 Februari

Maombi yanataka barua ya profesa ya kunipendekeza. Nimemchagua Profesa Stamenka Radojković, aliyenifaulisha nilipofanya mtihani wake mara ya tatu. Ofisini kwa mtu hatuendi mikono mitupu, ndivyo tulivyolelewa: pakiti ya kahawa na boksi la chokoleti. Kahawa nilinunua. Boksi nilikuwa nalo, nililichomoa kabatini kwa Mama wakati wa sikukuu. Mama ni muuguzi. Wagonjwa humletea maboksi, naye humpelekea daktari wa meno, na daktari wa meno humpelekea mwalimu wa mwanawe. Hakuna anayefungua. Ukifungua huwezi tena kumpa mtu.

Profesa alilipokea, akaliweka juu ya kabati penye mengine sita. Akaniuliza mimi ni nani. Nikajitaja. Akauliza kama ndimi yule aliyezirai siku ya kupasua chura. Nikakiri. Akasema hana muda wa kuandika, desturi ninaijua: niandike mwenyewe, nimpelekee, atie sahihi.

"Ila usijipambe sana, mwanangu," akasema. "Mimi nina jina langu hapa."

Nilimwahidi.

Jumamosi, 7 Februari

Nimejipamba sana.

Nilianza kwa adabu. Nikaandika kwamba Tihomir, yaani mimi, ni mwanafunzi mwenye bidii. Nikaisoma, nikaona haina nguvu. Nikaandika kwamba katika miaka thelathini ya kufundisha sijapata kuona mwanafunzi bora kuliko yeye. Masikio yakawaka moto, peke yangu chumbani. Nikaandika kwamba mikono yake haitetemeki. Muhula uliopita nilivunja mirija minane ya maabara, mitatu kwa siku moja. Kisha nikaandika kwamba kwa miaka miwili amenisaidia katika utafiti wangu wa mioyo ya panya. Profesa hana panya. Niliinuka, nikafungua dirisha, nikarudi nikaongeza aya kuhusu unyenyekevu wake.

Mchana Ognjen akanionyesha barua yake. Profesa wake naye amemwambia ajiandikie, kama wote. Mistari minne! Anafika kwa wakati. Huosha vyombo alivyotumia. Akikosea husema amekosea. Ningependa kufanya naye kazi tena. Akaniuliza kama haitoshi, kwa sababu yeye kujisifu hawezi.

Hapo ndipo ningeweza kuwa binadamu. Nilimwambia imekamilika, asiongeze hata nukta. Akanishukuru, akanikatia nusu ya mkate wake wa nyama. Niliula. Ulikuwa mtamu, nami nilijisikia vibaya mpaka kipande cha mwisho.

Jumanne, 10 Februari

Profesa ametia sahihi huku akizungumza na fundi wa bomba kwenye simu. Hakusoma hata neno. Desanka, karani wake, akagonga muhuri. Nilitoka pale natembea wima kama mtu mwenye haki.

Mama amepiga. Anauliza kama Vienna mwezi wa saba huwa na baridi, kwa sababu Shangazi ameanza kufuma sweta.

Alhamisi, 19 Februari

Siwezi kuandika. Lakini nitaandika, maana hakuna mtu wa kumwambia.

Mgeni kutoka ile taasisi ya Vienna alikuja mwenyewe kuchagua, Daktari Edeltraud, mama mrefu mwenye viatu vya kupandia milima. Alitutaka waombaji wote kumi na mmoja tukae pamoja ukumbini, na maprofesa wetu upande wa pili wa meza. Profesa Radojković, kwa heshima ya mgeni, alifanya jambo ambalo halijawahi kufanyika hapa. Alifungua boksi la chokoleti. Katika yote saba, alifungua langu.

Chokoleti zilikuwa zimekuwa nyeupe kama chokaa. Ndani mlikuwa na kadi. Profesa akaisoma kwa sauti, akidhani ni ya kiwandani: kwa Sista Gordana, kwa kumhudumia baba yetu, Mwaka Mpya 2017. Akauliza Gordana ni nani. Nikatazama dari.

"Si mama yako huyo, Tihomir?" akasema Ognjen, kwa wema wake wote.

Mgeni alikuwa ameshatafuna moja. Aliimeza kwa ushujaa.

Kisha akachukua barua zetu. Alisema amezisoma garimoshini na amejifunza jambo la ajabu kuhusu kitivo hiki: kina wanafunzi kumi, na kila mmoja ndiye bora kuliko wote katika miaka thelathini. Wenzangu wakaanza kukagua viatu vyao. Maprofesa pia. Nikapumua kidogo, nikijua aibu ikigawanywa kwa kumi inabebeka. Lakini akaitoa yangu juu ya zote. Akamgeukia Profesa Radojković, akasema amevutiwa hasa na utafiti wake wa mioyo ya panya, je, anaweza kuwaona hao panya?

Sitasahau uso ule. Alinitazama, nami nikamwona akipiga hesabu. Akisema hana panya, atakuwa amekiri kwamba hutia sahihi asichosoma, mbele ya wenzake wote ambao nao hufanya hivyo hivyo. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni.

"Panya wamekufa," akasema.

Mgeni akampa pole. Akaniomba mimi, mwenye mikono isiyotetemeka, nichote tone moja la maji kwa pipeti. Nilichota. Lilimwangukia kwenye mkono wa koti, na ile pipeti ikalifuata.

Mwisho akasoma mistari minne ya Ognjen, akasema hiyo ndiyo barua pekee aliyoiamini tangu atoke kwao.

Ijumaa, 20 Februari

Ognjen kapata. Kwetu mwenye habari njema ndiye anayewalisha wengine, basi alileta mikate ya jibini bweni zima, na wa kwanza akanipa mimi. Aliwaambia watu wote kwamba angeiharibu barua kama si mimi kumzuia. Kila mtu alinipigia makofi. Niliinama, nikasema si kitu. Ningeomba sakafu ipasuke, lakini chini yetu ni chumba cha kufulia nguo.

Profesa ameniita. Hakufoka. Aliniambia kwamba amefundisha miaka thelathini na moja bila kudanganya mtu usoni, na jana kwa ajili yangu amewaua panya ambao hawakuwahi kuzaliwa. Akaniambia niondoke. Hilo linaniuma kuliko nafasi yenyewe.

Jumapili, 22 Februari

Nimekuja Pirot kwa basi la asubuhi. Nimemwambia Mama kila kitu, jikoni, nimesimama. Nilimwambia kwamba siku ile nilidanganya, na nilichowafanyia Ognjen na Profesa. Aliendelea kumenya viazi. Kisha akasema afadhali nimesema mwenyewe, nafasi zitakuja nyingine, ila Shangazi ana mabega mabovu na ameshamaliza mkono mmoja wa sweta. Nimpigie sasa hivi, nimwambie kweli kama nilivyomwambia yeye. Akaniwekea mkono kichwani. Nililia. Niliapa kwamba nimekuwa mtu mwingine.

Nikampigia Shangazi. Nikamwambia Vienna haipo tena. Akashusha pumzi, na nyuma yake nikasikia majirani wawili watatu wakinyamaza. Ukimya ule sikuuweza. Nikasema haipo kwa sababu Zurich wamenitaka zaidi.

Shangazi akawapasha hapo hapo. Walishangilia.

Nilipogeuka, Mama alikuwa mlangoni na kisu cha viazi mkononi. Alizima jiko, akavaa koti, akatoka.

Nimemenya viazi vilivyobaki, nikajikata mara mbili. Akirudi nitamwomba msamaha kwa dhati. Ila kwanza niangalie kama kuna taasisi yoyote Zurich ambayo bado inapokea maombi.