Zamu Yangu ya Noeli na Ukaguzi wa Godlisten

Fridley, Minnesota
2 Desemba 2006

Ndugu Mwenyekiti Protas,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani, na Mama Wema hajambo? Goti lako linasemaje na baridi hii? Mimi mzima kwa neema ya Mungu, ila moyo umechafuka.

Nasikia zamu yangu ya kupokea Jumuiya siku ya Noeli mmempa Philister wa Maple Grove, eti kwa kuwa Godlisten, yule fundi Mlutheri mliyemwomba akague umeme majumbani mwetu, ameona kwangu kuna hatari ya moto. Napinga kama ifuatavyo:

1. Aliingia, chai akakataa, akapiga magoti sebuleni. Nikadhani anasali, nami nikafanya ishara ya msalaba. Kumbe anachungulia chini ya zulia!

2. Akakuta ekstensheni moja imebeba jiko dogo la umeme, birika kubwa, hita na kinanda cha kwaya. "Mama, mzigo umezidi." Mzigo gani? Kwetu Bukoba umeme ni volti mia mbili na thelathini, huku mia na ishirini tu. Uji wa mgonjwa huo, utamuunguza nani? Akajibu eti kwa kuwa volti ni nusu, waya unabeba mkondo mara mbili. Tangu lini nusu ikawa mara mbili? Labda kwa Walutheri.

3. Anataka hita ichomekwe peke yake, na jiko lisiwake pamoja na birika. Wageni arobaini wale pilau Noeli, chai wasubiri Pasaka?

4. Nyumba hii padre aliibariki, akanyunyiza maji hadi kwenye soketi. Kama baraka hazitoshi, Jumuiya itangaze kanisani kwamba sasa tunamtumaini Godlisten na bisibisi yake.

5. Nisiporudishiwa zamu, najitoa kwaya, na kinanda hakitoki hapa.

Nikuambie la moyoni, kaka yangu. Tangu tumzike Francis wangu, nyumba hii haijajaa watu hata siku moja. Nilikuwa nahesabu siku.

Wasalimie wanajumuiya wote, hata Philister na zulia lake jeupe.

Dada yako katika Kristo,
Dafrosa

N.B. Kabla ya kufunga bahasha niliwasha vyote vinne kwa pamoja, nikupe ushahidi. Soketi imeyeyuka, ukuta umefuka moshi. Namalizia kwa jirani yangu Kerubo, koti juu ya kanga, zimamoto wanabomoa ukuta wangu. Noeli iwe kwa Philister, maandazi nitaleta mimi. Ila mwambie Godlisten aje kunipangia waya upya, Pasaka mje kwangu. Tafadhali nijibu upesi.