Tathmini ya Kituo cha Elektroni, Chumba cha Mwisho Zahanati

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakufika lakini kiti chake kimefika. Waheshimiwa wajumbe wa kamati, mliokaa na mnaotafuta pa kukaa. Mama mkunga, mkuu wa zahanati hii na mke wa mwanangu wa kwanza. Wauguzi, mafundi, wagonjwa wa ndani na wagonjwa wa nje. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Mimi ninayesimama hapa nina miaka themanini kasoro mmoja. Nimewaona makatibu wanne wakija na wakiondoka, jenereta mbili za zahanati hii zimekufa mimi nikiwa mzima, na daktari aliyeniambia nimebakiza miaka miwili, yeye mwenyewe nilimzika na nikamsomea wasifu. (Makofi. Mabano haya yote nimeyaandika mimi baadaye, na ni ya kweli.)

Nimesimama kutoa tathmini ya Mradi Shirikishi wa Kupima Mwenendo wa Elektroni Zenye Nguvu Kubwa Zinazoizunguka Dunia Wakati wa Dhoruba za Sumaku, mradi ambao, kwa mujibu wa framewek, strateji na rodimapu yake, ulikabidhiwa chumba cha mwisho cha zahanati hii, kile kilichokuwa cha kujifungulia, na ambao mimi ni mwenyekiti wake, katibu wake na, kwa kukosekana mtaalamu, mtaalamu wake. Wapo wanaosema sikusoma. Ni kweli niliishia darasa la nne, lakini darasa lenyewe liko wapi leo? Limebomolewa, mimi nipo. (Makofi ya wastani.)

Sasa, kwa faida ya wale wasiokuwa na redio kama yangu, nieleze. Huko juu, maelfu ya kilomita kupita paa hili la bati, dunia imezungukwa na mkanda wa elektroni, vitu vidogo hata unga ni milima mbele yake, zinakwenda mbio kukaribia mwanga wenyewe, na haziondoki kwa sababu sumaku ya dunia imezishika kama zizi linavyoshika ng'ombe. Jua likichafukwa, upepo wake unaipiga hiyo sumaku, inatikisika, na hiyo ndiyo dhoruba. Je, dhoruba ikipiga, elektroni hufanya nini? Mara nyingi hutoweka. (Minong'ono.) Hutoweka kwa saa chache tu, nyingine zikatorokea anga za mbali, nyingine zikamwagika humu hewani na habari yake ikaishia hapo. Halafu mambo yakianza kutulia, mawimbi ya huko huko juu huzisukuma zilizosalia, zikapata nguvu upya, na pengine zikawa nyingi kuliko mwanzo na kali kuliko mwanzo, hata zikaharibu mitambo ya setilaiti. Niliposikia hayo sikushangaa hata kidogo, maana nimekaa kwenye kamati miaka arobaini na nimewaona viongozi wanavyofanya wakaguzi wakija. (Kicheko upande wa wagonjwa wa nje.) Sikusema ili mcheke.

Kuhusu utendaji, tumefikia asilimia mia moja na ushee. Kila dhoruba niliandika ripoti kwenda makao makuu: mara zimeongezeka, mara zimepungua, mara ziko vilevile. Na kwa kuwa wataalamu wenyewe wanakubali kwamba dhoruba moja huziongeza, nyingine huzipunguza, na nyingine huziacha kama ilivyozikuta, na ni kazi ngumu kujua mapema ipi itafanya lipi, hakuna ripoti yangu hata moja iliyorudishwa kwa kosa. Nionyesheni idara nyingine yenye rekodi hiyo. (Hapa mama mkunga alitokea mlangoni mwa korido, amevaa glavu, akaomba kuuliza. Nilimwambia maswali ni mwishoni. Akasema aliye kwenye benchi hawezi kungoja mwisho.)

Naam. Nimejulishwa kwamba kwenye benchi la korido yuko mke wa fundi cherehani, ambaye uchungu ulimshika nikiwa bado kwenye itifaki. Mama mkunga anaeleza kwamba benchi lile lina upana wa ubao mmoja, na kwamba juzi mwingine aliteleza, nusura mtoto azaliwe sakafuni. Malalamiko tumeyapokea na yatafanyiwa kazi. Lakini chumba cha mradi hakifunguliwi kiholela, ndugu zangu, ni suala la usalama, elektroni zikitoka humo nani atazirudisha?

"Baba," akasema, wala hakupandisha sauti, "si umesema ziko maelfu ya kilomita juu? Mlango umezifungia nini?"

(Kicheko. Fundi wa jenereta alizidisha, na jambo hilo limewekwa kwenye kumbukumbu.)

Nilimjibu kwamba hilo ni swali la kitaalamu. Akasema ya juu ananiachia mimi, yeye anashughulika na wanaotoka chini, na huyu anatoka sasa hivi. Akanyoosha mkono wenye glavu apewe ufunguo.

(Hapa nilishuka jukwaani, nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa hiyo wananchi hawakusikia: "Mkwe, nikiufungua mlango ule mbele ya watu hawa, mimi nitabaki nani?"

"Utabaki mzee aliyefungua mlango," akasema. "Fanya haraka, baba.")

Hivyo basi, kwa mamlaka niliyonayo, nikatangaza kipengele kisichokuwamo kwenye ratiba, yaani ufunguzi. (Watu walichungulia. Waliona kitanda cha kujifungulia, godoro limebonyea kwa umbo la mwenyekiti, redio, na kandambili zangu. Fundi wa jenereta akauliza mtambo wa kupimia uko wapi. Nilimjulisha kwamba tuko kwenye hatua ile ya kwanza ya dhoruba, ya kutoweka. Mama wa watu akaingizwa, mlango ukafungwa kwa ndani, nami nikaendelea na hotuba nikiwa koridoni.)

Ndugu wananchi, nahitimisha kwa kaulimbiu. Elektroni! (Sauti ya mkunga kutoka ndani: Sukuma!) Elektroni zetu! (Sukuma!) Sayansi kwa maendeleo! (Sukuma, bado kidogo!) Tangu nianze uongozi sijawahi kuitikiwa kwa nguvu namna hiyo.

Namshukuru seremala aliyechonga kibao cha mlangoni, ambacho ndicho mradi mzima. Naishukuru posta, iliyopokea ripoti zangu zote kwenda makao makuu ambayo, naambiwa, yalifungwa kabla sijaandika ya kwanza. Namshukuru pia mtaalamu ambaye angekuja na mtambo, na ambaye hakuja kwa kuwa hakuna aliyemwita. Asanteni kwa kunisikiliza.

Anayetilia shaka maelezo haya amuulize mkwe wangu, ambaye hanisemi vizuri lakini uongo hasemi. Amuulize na fundi wa jenereta, akimaliza kucheka. Na akitaka shahidi asiye na upande, yupo mtoto wa kike wa fundi cherehani, ingawa hajaanza kuzungumza. Aliingia duniani kwenye chumba kile, na wauguzi walipopekua wakaona chini ya kitanda, nyuma ya viatu vyangu vya mvua, mzani wa watoto. Wakaupangusa, wakamweka. Ndiye wa kwanza kupimwa na kituo hiki tangu kianzishwe.