Kitambaa cha Picha za Bwana Afya

Jumatatu, 9 Aprili 1934
Iandikwe na ihifadhiwe: leo saa mbili asubuhi mimi, Kepher, karani wa mizani ya majani ya chai, nimetangaza kwamba shuka la kitanda chetu halifai. Lina maua ya buluu. Bwana afya, mkaguzi wa usafi wa serikali, anakuja Jumamosi na taa yake ya kuonyesha picha, na anatafuta boma moja lenye kitambaa kizuri cha kuzipokea. Joram mwenye duka anaitaka heshima hiyo. Mimi naihitaji. Mama mkwe, Mama Elmina, yuko kwa shemeji Owino. Amekuja kuona kama binti yake Jerusa aliolewa na mtu au na mdomo. Hayo ni maneno yake. Alituma mtu aniletee yalivyo.

Jerusa asema shuka litafaa. Jerusa hajui mambo ya picha. Mimi pia sijawahi kuziona, lakini mimi ni karani.

Jumanne, 10 Aprili
Kitambaa cha nini? Nimepaka ukuta wa nje chokaa. Mweupe kama yai! Saa nane mvua ya mawe, kama jana, kama juzi. Saa tisa ukuta ni rangi ya uji wa wimbi. Chokaa yote iko kwa kuku.

Jumatano, 11 Aprili
Nimeazima gunia pana la kunyaushia majani kule kiwandani. Yaani nimelichukua. Jerusa akasimama nyuma ya gunia, akauliza kama namwona. Nilimwona hadi hereni. Nilipolirudisha, Nyang'au msimamizi alinikuta mlangoni. Akasema ameona wezi wengi, lakini mwizi wa kurudisha kitu kwa sababu hakimpendezi, huyu ni wa kwanza.

Alhamisi, 12 Aprili
Joram ametundika amerikani mpya, kile kitambaa cheupe cha pamba, mbele ya duka, yadi tatu nzima. Yeye mwenyewe amekaa chini yake kama chifu. Akaniita karani wa maua mbele ya wateja. Sikukasirika. Nilimwambia kwa upole kwamba amerikani mpya ina wanga, na picha huteleza kwenye wanga. Lazima ichemshwe.

Ameichemsha! Imesinyaa, sasa yatosha mlango mmoja mwembamba. Hata hivyo haikauki. Aprili hii hata leso haikauki.

Ijumaa, 13 Aprili
Bwana afya alipita kukagua. Akalikuta shuka la Jerusa, alilolikausha juu ya meko bila kuniuliza. Akasema hilo hilo. Nilimweleza kwamba ndivyo nilivyopanga tangu Jumatatu. Jerusa alikohoa. Moshi, nadhani.

Jumamosi, 14 Aprili
Kambi yote ya wafanyakazi wa chai imejaa kwangu! Shuka likafungwa kati ya nguzo mbili uani. Mimi na wanaume mbele. Mama Elmina na wanawake nyuma ya shuka, maana mtu hakai akitazamana na mama mkwe. Manyunyu yakalilowesha, picha ikapenya. Kule nyuma wakaona vizuri kuliko sisi.

Picha ya kwanza: nzi mkubwa kuliko ng'ombe. Joram alipiga kelele, nimeliandika hilo. Ya pili: choo. Ya tatu: choo chenye mfuniko. Ya nne: choo, kwa karibu.

Ndipo sauti ya Mama Elmina ikatoka ndani ya maua. Owino, muulize mwenye boma chake kiko wapi.

Nikamwambia Owino amjibu mama kwamba sikuchimba kwa heshima. Mkwe na mama mkwe watatumiaje choo kimoja? Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Hata Joram! Nilijiona nimepona.

Sauti ikarudi: basi achimbe viwili.

Walicheka mpaka taa ikayumba. Mama Elmina pia alicheka, nilimsikia. Kisha akasema mdomo ameushuhudia. Anangoja mtu. Haondoki hapa Kapkatet mpaka amwone, na kama hayupo, Jerusa atamsindikiza mama yake nyumbani.

Jumapili, 15 Aprili
Nimeruka kanisa kwa ajili ya kazi hii. Vyoo viwili, milango miwili, na mlango wataka kitambaa. Gunia laonyesha hereni. Shuka Jerusa amelifungia sandukuni. Lakini ile amerikani ya Joram ni kipimo cha mlango kabisa! Nimeanza kumsifu taratibu. Mlango wa pili nitaufikiria kesho. Jerusa ameuliza jembe liko wapi. Maswali ya wanawake.

Shimo halijachimbwa hata moja.