Kijiti cha Dado na Kidole Changu

Kwa Mkurugenzi wa Ndege za Zabanal, ambaye pia ni shangazi yangu,
Puerto Princesa.

Shangazi mpendwa, na Bosi mheshimiwa,

Mimi ni mtu wa bahati, unalijua hilo tangu nilipodondoka mnazini nikamwangukia mbuzi. Nimerusha kindege chetu cha injini mbili juu ya kila kisiwa cha Bahari ya Sulu, chenye jina na kisicho na jina, na sijawahi kuishiwa mafuta angani. Hata mara moja! Marubani wenye vyeti vya Manila wameishiwa. Cheti changu mimi kina doa la mchuzi, na bado mafuta yananiheshimu.

Ndiyo maana niliumia kusoma tangazo ulilobandika mlangoni, kwamba kila rubani achovye kijiti cha fundi Dado kwenye matangi yote mawili kabla ya kuruka, na atakayekaidi atatolewa kwenye usukani apelekwe kaunta kupima kilo za abiria. Shangazi! Mimi nimwambie mama wa watu apande kwenye mizani? Bila usukani mimi ni nani? Ni mnene tu mwenye miwani ya jua. Leo nimekaa mahali patulivu, nina nafasi, basi pokea malalamiko yangu.

1. Kijiti kinaniaibisha. Wiki iliyopita Mama Purita, yule muuza dagaa wa kisiwa cha Cuyo, aliniona juu ya bawa nachokoa tangi kwa kipande cha mwanzi chenye alama za kisu. Akapaza sauti uwanja mzima: "Kapteni, humo unatafuta mafuta au unatafuta kaa?" Dado alicheka mpaka akakaa chini.

2. Hatuhitaji kijiti, tuna kidole. Bibi alipika wali maisha yake yote kwa kusimamisha kidole juu ya mchele. Maji yakifika kiungo cha kwanza, basi, funika. Nani aliwahi kula wali mbichi kwake? Nami nachovya kidole kwenye mdomo wa tangi. Kikilowa, twende. Dado anasema tangi si sufuria, ni pana na limelala ndani ya bawa, na mdomo wake uko karibu na ncha. Eti ndege ikiegeshwa kwenye mteremko, bawa la upande wa chini mafuta yote hukimbilia nchani, kidole kinalowa na tangi halina hata nusu. Shangazi, huyu ni mtu ambaye wali wake huungua kila siku.

3. Geji za mafuta zipo. Nakubali ya kushoto husema tangi limejaa hata siku tulipolitoa tukaliosha, na ya kulia hutikisika kama goti la bwana harusi. Lakini ukizijumlisha ukagawa kwa mbili, unapata kitu cha kuridhisha.

4. Nikiwa juu, mafuta nayafuatilia kwa kuimba. Nazijua nyimbo zangu za karaoke, na kila wimbo unakula mafuta yake. Zikiisha, tumefika. Dado akauliza, "Na kile kiitikio cha mapenzi, Kapteni, huwa unakirudia mara ngapi?" Nikamjibu, "Ndugu yangu, inategemea abiria." Hilo ni jibu la mtaalamu.

5. Injini ni mbili. Mungu na kiwanda walipanga moja ikizima, nyingine ibebe. Kupima matangi yote mawili si kuwakosoa?

6. Kijiti chenyewe kimepotea tangu Jumatatu. Mtu asiyeweza kutunza mwanzi, atatunzaje roho za watu?

Kwa hiyo naomba tangazo libanduliwe, niachiwe usukani wangu, na kidole changu cha shahada kiandikishwe kuwa kifaa cha kampuni, kikatiwe bima.

Nisalimie watoto wote, Padri, mpishi wa kantini, mama mkwe wangu (akiwa ametulia), na hata Dado.

Ni mimi mpwa wako na rubani wako, kwa mpangilio wowote unaokupendeza,

Kapteni Toring Gabinete

Nyongeza: Barua hii inaletwa na vijana wanaolima mwani huku, kwa mtumbwi wao. Mimi niko kwenye uwanja wa ndege uliotelekezwa wa shamba la lulu. Abiria ni wazima. Asubuhi pale Cuyo niliegesha kwenye mteremko, kidole kikalowa mpaka kiungo cha pili, nikafurahi. Katikati ya kiitikio injini ya kulia ikanyamaza. Mama Purita akasema, "Imba tena, baba, labda itasikia." Sikuimba. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikimwona kila aliyekaa nyuma yangu bila kugeuka. Ya kushoto ilianza kukohoa magurudumu yalipogusa mchanga.

Yule nguruwe wa kubanikwa wa sikukuu yako tulikuwa naye ndani. Tumemla. Mama Purita anasema chumvi ilipungua.

Tuletee mafuta, na Dado. Kijiti kiko nyuma ya friji ya ofisini, nilikificha mimi. Aje nacho, kabla ya kitu kingine chochote. Kaunta nitakaa, Shangazi. Nitaanza kwa kupima kilo zangu mwenyewe.

Na ile habari ya kutowahi kuishiwa mafuta angani ni uongo. Leo ni mara ya tatu.